Natafuta rekodi za babu aliyekwenda Bama, na za mdogo wake ambaye hakurudi

BintiNzega

Wakuu, heshima mbele. Wazee mliomo humu, shikamooni.

Kazi yangu ni masjala ya mahakama, mkoani Tabora, kwa hiyo karatasi hazinitishi. Lakini hili la babu sijalipatia mlango wa kuingilia, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Babu mzaa baba alikwenda vita vya Hitla, huko Bama (Burma, Myanmar ya leo). Walitoka wawili, yeye na mdogo wake wa tumbo moja, kijiji kimoja nje kidogo ya Nzega. Babu alirudi, akafuga, akalima, akafariki mwaka 1991. Mdogo wake hakurudi. Nyumbani linalosemwa ni moja tu, kwamba alimezwa na bahari kabla hajamwona Mjapani. Mwaka hatuujui, meli hatuijui, barua hakuna.

Babu hakuwa msimuliaji. Ukimuuliza habari za vita alikutajia majina ya mahali kama utingo anayenadi vituo: Kolombo, Kandi, Imfali, Tamu, Kalewa. Basi. Halafu anaomba maji ya kunywa na mazungumzo yameisha.

Vilivyobaki vimo kwenye sanduku la bati. Kwanza nishani tatu. Mbili ni nyota: moja imeandikwa Burma Star, nyingine 1939-1945 Star. Ya tatu ni ya duara, rangi ya fedha, upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili simba amemkanyaga mnyama kama joka. Nimezigeuza zote, nimepitisha kidole kwenye kingo, hakuna jina wala namba.

Kuna cheti cha kuachishwa jeshi, nusu. Nusu nyingine wamekula mchwa. Zimesalia tarakimu tatu za mwisho za namba yake, herufi E.A.A.S.C., mwaka 1946, na chini wameandika tabia yake ni nzuri sana. Jina lake mwenyewe limekwenda na mchwa, limebaki la baba yake. Halafu kuna picha ndogo, amesimama na mwenzake, kofia pana imekunjwa upande mmoja, begani beji ya kichwa cha faru. Nyuma ya picha kuna muhuri wa studio, neno linalosomeka ni Kandy.

Sasa ubishi. Baba mkubwa anasema babu alikuwa Keya (King's African Rifles), batalioni ya 36, mpiga bombomu, yaani bunduki ya rashasha, na kwamba kabla ya Bama alipigana na Mtaliano Uhabeshi na kuteka watu kwa mkono wake. Baba yangu anasema mzee alikuwa dereva wa lori, hana zaidi. Kila sikukuu ubishi huu unaanza sahani za pilau zikishaondolewa. Na limeingia jambo jingine: kuna mtu amemwambia baba mkubwa kwamba Uingereza inalipa fidia za askari wa Bama, alete ada ya faili. Keshatoa mara moja. Nataka kupata karatasi za kweli kabla hajatoa tena.

Naomba kuelekezwa: rekodi ya utumishi ya babu iko wapi, Dar, Nairobi au London? Na huyu aliyezama atatafutwaje ikiwa hata meli hatuijui? Kuna ofisi moja niliiandikia, nikajibiwa nilete kwanza namba ya faili. Ningekuwa nayo ningeandika?

MzeeWaKaloleni

Salaam, dada. Niko Nairobi. Marehemu baba yangu alikuwa 11 Keya, naye alipita huko huko kwenye divisheni ya beji ya faru, kwa hivyo haya mambo nimeyaishi.

Anza na yule aliyekufa. Najua yasikika vibaya, lakini askari aliyekufa ana mahali alipoandikwa. Aliyerudi kwao salama mara nyingi hana. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ile inayojulikana kama CWGC, imeweka orodha yake yote mtandaoni na hulipi chochote kuitazama.

Hayo maneno ya kumezwa na bahari kabla ya kumwona Mjapani, mtu yeyote aliyelelewa na wazee wa Keya atakuuliza swali moja: ni Khedive Ismail? Meli hiyo iliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 kwenda Kolombo, meli tano za abiria katika msafara mmoja zikisindikizwa na manowari. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, mchana, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpedo mbili. Ilizama kwa dakika chache sana. Waliokuwa chini hawakupata hata ngazi. Walikufa watu 1,297. Kundi kubwa kabisa lilikuwa askari wa mizinga, rejimenti ya 301 ya East African Artillery. Nyambizi yenyewe ilizamishwa siku hiyo hiyo na manowari mbili za Kiingereza, Petard na Paladin, na mabomu ya kuitafuta chini ya maji yalitupwa kukiwa bado na watu wanaogelea hapo juu. Baba alikuwa akifika sehemu hiyo anatoka nje.

Kwa hivyo uliza nyumbani: kuna mtu aliyewahi kusikia neno mzinga?

Ukitafuta kwenye hiyo orodha, usiweke majina mawili. Makarani waliandika askari wengi kwa jina moja, na hilo moja likatiwa pahali pa jina la ukoo. Weka hilo, pahali pa jina la kwanza wacha tupu, chagua Vita vya Pili, mwaka 1944. Lisipotokea badilisha herufi: L iwe R, J iwe G, ng'ombe iwe n'gombe kama ikibidi. Karani aliandika alichosikia, na alikuwa na foleni mbele yake. Majina mengine yana baba na wilaya, mengine yana namba na tarehe tu. Waliozama wameandikwa kwenye East Africa Memorial, ndani ya makaburi ya vita hapa Ngong Road. Kama si meli hiyo, na kama alifia Bama akakosa kaburi, basi tafuta kwenye Rangoon Memorial kule Taukkyan. Huko kuna majina karibu 27,000, vumilia.

MwalimuMstaafu

Marahaba, binti yangu. Nilifundisha historia miaka mingi na swali lako ni la aina ninayoipenda, kwa sababu umetuwekea vitu mezani badala ya kutuuliza hewani.

Nishani kwanza. Usihangaike na kingo. Nyota na nishani za Vita vya Pili serikali ya Uingereza ilizitoa bila kuchonga jina. Zile za Vita vya Kwanza ndizo zenye jina na namba ukingoni. Hata hivyo nishani inaongea. Burma Star ina maana aliingia eneo la vita la Bama. Aliyepigana na Mtaliano Uhabeshi au Somalia mwaka 1940 na 1941 alistahili Africa Star, na hiyo haimo sandukuni. Siapi, maana nishani hupotea, watoto huzichezea, wengine waliziuza. Lakini ukiniambia niweke dau, nitasema babu yako hakufika Uhabeshi vitani.

Usiende kumwambia baba yako mkubwa kwamba ni muongo. Wataliano waliotekwa waliletwa kwa maelfu Afrika Mashariki, na mojawapo ya kambi zao ilikuwa hapo hapo kwenu Tabora. Kijana wa Nzega aliyevaa sare angeweza kabisa kulinda Wataliano au kuwapakia kwenye lori bila kuvuka mpaka wa Tanganyika. Masimulizi ya nyumbani hubeba kitu cha kweli na kukiweka mahali pasipo pake.

Sasa Keya. King's African Rifles iliundwa mwaka 1902, na Tanganyika ilipoingia mikononi mwa Mwingereza ikawa na batalioni zake, ya 6 ikiwa kongwe. Vita vilipopamba moto ziliongezwa nyingine, na 36 ni mojawapo ya za Tanganyika. Ilikuwa katika brigedi ya 26 ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na alama ya divisheni hiyo ni faru. Kwa hiyo baba mkubwa hakuiokota namba hiyo barabarani. Ila E.A.A.S.C. ni East African Army Service Corps, kikosi cha uchukuzi na posho: malori, mafuta, chakula, risasi. Divisheni ya faru ilikuwa na kampuni zake za malori, na dereva wa kampuni hizo alivaa faru begani sawa na mpiga bombomu wa 36. Raia hawakujali tofauti hiyo. Kila aliyerudi na kofia ile aliitwa Keya.

Majina aliyokutajia yamekaa kwa mpangilio wa safari yenyewe. Divisheni ilikaa Sailoni, Sri Lanka ya leo, ikifanya mazoezi tangu 1943. Katikati ya 1944 ikapelekwa Imphal, India, karibu na mpaka wa Bama, na mvua zikiwa zimeshika ikashuka Tamu na bonde la Kabaw kumfukuza Mjapani. Bonde hilo malaria yake na homa ya vichakani (scrub typhus) iliwalaza watu wengi kuliko risasi. Kalewa waliingia tarehe 2 Desemba 1944, na hapo juu ya mto Chindwin wahandisi wakaunganisha daraja la vyuma la Bailey lenye urefu wa futi 1,154, refu kuliko yote ya aina yake kwa wakati ule. Fikiria nani aliyehitaji daraja lile. Malori.

Na wewe uliyeko Tabora, uliza wazee kambi ya jeshi ya hapo iliitwaje kabla ya 1964. Iliitwa Kalewa. Ile ya Dar, Lugalo ya leo, iliitwa Colito, mahali Uhabeshi ambapo Sajenti Leakey wa 6 Keya alikufa Mei 1941 na kutunukiwa Victoria Cross, nishani kuu ya ushujaa ya Uingereza. Watu walipita getini miaka yote bila kujua wanasoma ramani ya vita.

Kuhusu faili la babu: kubali mapema kwamba huenda hakuna faili lenye jina lake unaloweza kulifungua. Askari Waafrika waliendeshwa kutoka Nairobi, yalipokuwa makao makuu ya Kamandi ya Afrika Mashariki. Jeshi letu la JWTZ lilianzishwa upya Septemba 1964 baada ya maasi ya Tanganyika Rifles, jeshi lililotokana na Keya, kwa hiyo usitegemee kwamba lilirithi kabati la Keya likiwa limejaa. Ndiyo maana nakushauri umtafute kupitia kikosi chake na kupitia boma lake.

Boma ni muhimu, na watu wengi hulisahau. Askari alikatwa sehemu ya mshahara ikapelekwa kwa mke au mzazi, na malipo yalipitia ofisi ya mkuu wa wilaya. Hapo ndipo karani alipoandika majina: askari, baba yake, mtemi wake, anayepokea. Nenda Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, na barua ya utambulisho mkononi. Usiombe faili la mtu, hutapewa kwa sababu halipo. Omba orodha ya mafaili ya Jimbo la Magharibi na ya wilaya kwa miaka 1939 hadi 1947: uandikishaji wa askari, fedha za familia za askari, kurejeshwa uraiani. Si yote yaliyosalia. Lakini jina la mtu wa kawaida, kama lipo, litakuwa humo. Ukiwa Dar, pitia pia maktaba ya Chuo Kikuu, sehemu ya East Africana, uulize magazeti ya Mambo Leo ya miaka hiyo. Lilikuwa gazeti la serikali la kila mwezi na habari za askari hazikukosekana.

MswahiliWaReading

Dada, mwalimu amemaliza kazi, mimi naongeza ya upande huu. Nimezaliwa Tanga, naishi Uingereza, na siku zangu za mapumziko nazimalizia Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za huku.

Hutapata faili la babu Kew. Yapo mamilioni ya mafaili ya wanajeshi yaliyohamishiwa huku kutoka wizara ya ulinzi, lakini hayo ni ya jeshi la Uingereza lenyewe, maofisa wa Kizungu wa Keya wakiwemo. Kinachopatikana kwa ajili ya askari wetu ni shajara za vita, daftari ambalo kila kikosi kiliandika siku kwa siku. Shajara za vikosi vilivyokuwa Bama ziko kundi la WO 172. Za Uhabeshi na Afrika Mashariki ziko WO 169. Za Madagaska WO 174. Orodha unaitafuta ukiwa nyumbani kwako, andika namba ya kikosi na mwaka. Nyingi hazijawekwa mtandaoni kurasa zake, mtu lazima afike. Kadi ya msomaji ni bure na kupiga picha kwa simu yako ni bure.

Nikuandae kwa jambo moja linaloudhi. Shajara inamtaja ofisa kwa jina akienda likizo, akiumwa jino, akirudi. Askari Mwafrika anaandikwa kwa hesabu: wawili wamejeruhiwa, mmoja amefariki, wanne wamepelekwa hospitali. Kwa hiyo shajara itakuambia babu alikuwa wapi tarehe fulani, mvua ilinyesha vipi, lori ngapi ziliharibika. Haitakuambia kwamba ni yeye. Mahali pekee Kew nilipoona askari wetu kwa majina, tena na maelezo ya walichofanya, ni WO 373, mapendekezo ya kutunukiwa nishani za ushujaa. Hayo yamewekwa mtandaoni, jaribu, ingawa wengi hawamo. Pia makumbusho ya Imperial War Museum yana picha za divisheni ya faru bonde la Kabaw na Kalewa. Maelezo chini ya picha hutaja kikosi, na mara nyingine jina.

Hilo la fidia: mwambieni baba mkubwa afunge mfuko. Ni kweli askari walidhulumiwa. Malipo ya kuachishwa jeshi yalipangwa kwa cheo, muda wa utumishi na rangi ya ngozi, na Mwafrika akapata kidogo kuliko mzungu mwenye cheo kile kile. Hilo limesemwa hadharani huku hadi bungeni. Lakini hakuna dirisha ambalo mjukuu anapeleka ada na kupokea hundi. Kuna msaada wa chama cha Royal Commonwealth Ex-Services League, na huo ni kwa mkongwe aliye hai au mjane wake mwenye shida, na haulipiwi ada.

Nitumie namba ya kampuni ya babu, safari yangu ijayo nitaitisha shajara yake. Bila namba ya kampuni siwezi, kampuni za malori zilikuwa nyingi.

BintiNzega

Nimerudi, wakuu. Mzee wa Kaloleni, nakuheshimu sana.

Kuna dada yao wa mwisho, bibi yetu, yuko hai Igunga, macho hayaoni lakini kichwa kimetulia. Nilimuuliza neno mzinga. Akasema, "Ndiyo, huyo alikuwa wa mizinga, mkubwa wake alikuwa wa magari." Alisema hivyo kama mtu anayekutajia bei ya chumvi, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Watu wamebishana miaka yote sebuleni na yeye amekaa hapo kwenye mkeka.

Kwenye orodha ya CWGC jina la mdogo wake babu halikutokea nilipoliandika kama sisi tunavyoliandika. Nikabadilisha L kuwa R, wakatokea wawili. Mmoja ni wa kikosi kingine. Wa pili ni East African Artillery, rejimenti ya 301, tarehe 12 Februari 1944, na jina la baba ni la babu yetu mkuu, nalo limekosewa herufi moja, na limeandikwa Tanganyika. Umri hakuna.

Nilimpelekea baba mkubwa kwenye simu. Alisoma, akasoma tena, akasema nichape. Nimechapa. Sasa amekuja na hoja mpya: jina limekosewa, nani wa kulirekebisha, na je, lile la kwenye ukuta Nairobi nalo limekosewa? Nilidhani atalia, kumbe ana malalamiko ya kiofisi. Damu ya masjala nimejua imetoka wapi.

Bibi wa Igunga alichotaka kujua ni kama ilikuwa mchana au usiku. Nikamwambia mchana.

Cheti nacho nimekishughulikia. Hii ni mbinu ya kazini kwetu kwa hati zilizofifia: zima taa, weka tochi ya simu ubavuni mwa karatasi, mwanga upite sambamba nayo, usiimulike kutoka juu. Kalamu ya karani ilikuwa imebonyeza. Chini ya E.A.A.S.C. pametokea tarakimu na herufi za kampuni. Kaka wa Reading, nimekutumia picha faraghani.

MzeeWaKaloleni

Dada, pole, na hongera pia, sijui niseme lipi kwanza.

Jumamosi nilipita Ngong Road. Ukutani majina yamepangwa kwa kikosi, kisha cheo, kisha alfabeti, kwa hivyo ukishajua rejimenti si kazi. Nimempata. Ukutani ni herufi ile ile ya mtandaoni, R pale mlipo na L. Nimekupigia picha tatu, moja ya karibu, moja ya safu yote, moja inayoonyesha mahali ilipo ili mkija siku moja msizunguke.

Kuhusu kurekebisha: CWGC wanapokea maombi ya marekebisho kutoka kwa familia, wanachotaka ni ushahidi wa maandishi. Kiapo cha bibi peke yake sidhani kama kitatosha, ingawa wewe uko mahakamani na utajua kukiandaa vizuri kuliko mimi. Mkipata ile orodha ya boma ambayo mwalimu ameitaja, yenye jina kama linavyoandikwa kwenu, mtakuwa na kitu cha kuwawekea mezani.

Na msidhani ni ninyi tu. Mwaka 2021 tume hiyo yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba baada ya Vita vya Kwanza, Waafrika na Wahindi kati ya 45,000 na 54,000 hawakukumbukwa sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, labda hadi 350,000, hawakuandikwa kwa jina kabisa. Wapagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps waliobebea jeshi mizigo, ndio hao. Nyinyi angalau mmekosewa herufi.

MswahiliWaReading

Nimerudi kutoka Kew na shajara ya kampuni ya babu nimeiona, Agosti hadi Desemba 1944. Nimekutumia picha za kurasa zote.

Ukurasa baada ya ukurasa ni tope. Barabara ya kutoka Palel kwenda Tamu imekatika, malori yanavutwa kwa winchi, madereva wanalala garini, mizigo inahamishwa kwa mikono kuvuka mahali palipobomoka. Desemba wanaanza kuandika Kalewa. Askari ni hesabu tupu, kama nilivyokuonya. Nimetafuta popote palipo na jina la Mwafrika, hakuna, hata la sajini. Kuna siku mbili tu ambazo kampuni ilishambuliwa, mara moja kwa ndege.

BintiNzega

Kaka, nimezisoma zote. Asante sana, Mungu akuzidishie.

Baba yangu ametangaza ushindi, dereva ni dereva. Baba mkubwa amesoma ule ukurasa wa ndege na kusema bila bombomu juu ya lori wangeirushia nini, mawe? Kwa hiyo msimamo wake mpya ni kwamba babu alikuwa dereva mwenye bombomu. Fidia ameacha kuizungumzia. Yule mtu wa ada ya faili hapokei simu tangu nilipomwomba namba ya stakabadhi.

Likizo yangu ni mwezi ujao, naenda Upanga. Mwalimu, swali la mwisho: miaka hiyo niangalie mafaili ya Nzega au ya Tabora? Sitaki kufika dirishani nikaambiwa nimekosea wilaya.

MwalimuMstaafu

Omba vyote viwili, binti. Nzega kwa orodha za boma, na Tabora kwa sababu ndiko kulikokuwa makao ya jimbo, nakala za barua zilipanda huko. Omba pia daftari la wilaya, lina watemi na vijiji vyao, utajua babu yako aliandikwa chini ya mtemi gani, kwa maana karani aliorodhesha watu kwa mtemi kabla ya alfabeti. Beba penseli, kalamu ya wino hawaruhusu. Na uwatafute wote wawili, kwa sababu kama mama yao alipokea fedha za watoto wawili, mahali fulani pana mstari ambapo fedha za mmoja zilisimama.